Binti yangu anataka ushahidi kwamba Mungu yupo ndipo apokee kipaimara. Nimjibu nini?

Hadubini aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka, leo nimebanwa mpaka nimefungua uzi. Matusi naomba yakae pembeni, hili ni la ndani ya nyumba yangu.

Mimi ni mtu wa maabara, hospitali moja hapa Morogoro. Miaka kumi na tisa naiinamia hadubini, natafuta wadudu wa malaria kwenye damu za watu. Mkatoliki wa kuzaliwa, jumuiya siikosi. Binti yangu yuko kidato cha tatu na mwaka huu ni zamu yake ya kipaimara. Msimamizi ameshapatikana, kitambaa cha gauni kiko kwa fundi, mama yake ameshaalika ukoo kuanzia Ifakara mpaka Mahenge.

Wiki mbili zilizopita alirudi kutoka mafundisho amenuna. Kumbe alimuuliza katekista tunajuaje kama Mungu yupo, akaambiwa swali hilo ni la shetani na akatolewa nje. Usiku akaniuliza mimi. Nikampa jibu ambalo nami nilipewa: angalia milima ya Uluguru, angalia maua, nani kaviumba? Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Baba, wewe humwandikii mtu malaria mpaka umwone mdudu kwa macho yako. Hata daktari ulimkatalia siku ile. Mbona Mungu umemwandika bila kumwona?"

Mama yake akasema hicho ni kiburi. Mimi nilikosa neno, nikaenda kufunga banda la kuku ambalo lilishafungwa.

Nauliza hivi: imani inadai ushahidi, au akili inatosha kufika, au mpaka Mungu ajifunue mwenyewe ndipo mtu ajue? Na nimlazimishe, au nisubiri? Zimebaki wiki tatu.

Karanga Mbichi aliandika:

Nimekaa kule nyuma na karanga zangu. Ila huyo mtoto msomeshe sheria, mkuu.

Nyundo ya Moto aliandika:

Mithali 22:15. Fimbo ipo, tumia.

Hadubini aliandika:

Fimbo itamfanya aseme ndiyo. Kuamini itamfanyaje?

Seminari Iliyonishinda aliandika:

Mkuu, nilikaa seminari miaka sita kabla haijanishinda, kwa hiyo nianze na la kanisani. Katekista amekwenda kinyume na kanisa lake mwenyewe. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1870 ulitamka kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa akili ya binadamu, kupitia vitu alivyoviumba. Msingi wao ni Warumi 1:20. Kama akili inaweza kumfikia, kuuliza kunakuwaje dhambi?

Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa kanisa wa karne ya 13, hakuanza na "amini". Aliuliza kama Mungu yupo, akatanguliza hoja za wanaosema hayupo, ndipo akatoa njia zake tano. Ya kwanza ni ya mwendo: kila kinachosukumwa kina kinachokisukuma, na mlolongo huo hauwezi kurudi nyuma bila kikomo, kwa hiyo lazima awepo wa kwanza asiyesukumwa, naye ndiye Mungu. Halafu kuna hoja ya mwenzake katika imani ambayo aliikataa, ile ya Anselm, askofu aliyemtangulia, kwamba ukielewa tu maana ya neno Mungu, tayari umekubali kuwa yupo. Kwa hiyo si kila hoja inayomtetea Mungu aliipokea. Hilo mwambie binti.

Kisha akajiuliza: kama akili inafika, ufunuo wa nini? Akajibu kwamba kwa akili tupu wangefika wachache, baada ya muda mrefu, tena wakiwa wamechanganya na makosa mengi. Jibu hili linanigusa kuliko zile njia tano. Bibi yangu alilima mpunga Kilombero maisha yake yote, njia tano angezisoma saa ngapi? Na yako mambo, kama Utatu Mtakatifu, ambayo Tomaso mwenyewe alisema akili peke yake haiyafikii kabisa.

Sasa la wiki tatu. Kanuni ya 889 ya sheria za kanisa inataka anayepokea kipaimara, kama ana utambuzi, awe amefundishwa inavyostahili, awe na nia iliyo tayari, na aweze kurudia ahadi za ubatizo. Ukimsukuma akasimama mbele ya askofu akasema "nasadiki" huku hasadiki, utakuwa umemfundisha kudanganya, tena madhabahuni.

Mkagua Hesabu aliandika:

Mimi siamini, na sikuja kumharibu mtoto wa mtu. Lakini naona humu kila mtu anataka kumtibu binti wakati aliyeuliza vizuri ni yeye.

Mwaka 1877 Mwingereza mmoja mwanahisabati, W. K. Clifford, alitoa mfano wa mwenye meli. Meli imechakaa, wahamiaji wamejaa, naye anaona gharama ya kuikarabati ni kubwa. Akajituliza moyo: imeshasafiri mara nyingi, Mungu atawalinda. Ikazama na watu wake. Clifford akasema huyu ana hatia, na hata meli ingefika salama bado angekuwa na hatia, kwa sababu ushahidi aliokuwa nao haukumpa haki ya kuamini vile. Sisi tunaoikumbuka MV Bukoba ya mwaka 1996 hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Seminari Iliyonishinda aliandika:

William James, mwanafalsafa wa Marekani, alimjibu Clifford mwaka 1896, mkuu. Yapo maamuzi ambayo hayasubiri ushahidi ukamilike, na kutoamua nako ni kuamua. Ulipooa ulikuwa umekagua kila kitu?

Mkagua Hesabu aliandika:

Mke nilimwona, mkuu.

Hadubini aliandika:

Nimecheka peke yangu zamu ya usiku.

Lakini niseme ukweli wa kazi. Siku hizi mdudu hatumwoni kila mara. Kile kipimo cha haraka, mRDT, hakimtafuti mdudu mzima, kinanasa protini anayoiacha kwenye damu. Ikitokea mistari miwili naandika malaria bila kumwona. Vipi nikimwambia binti kwamba dunia ndiyo ule mstari wa pili?

Mkagua Hesabu aliandika:

Umejifunga mwenyewe. Mstari unajua ni wa mdudu kwa sababu wapo waliotangulia kumwona mdudu: Laveran, kule Algeria, 1880. Baadaye ndipo watu wakalinganisha protini na damu yenye wadudu. Dunia utailinganisha na dunia gani ambayo uliiona ikiumbwa? Hoja hii ni ya David Hume, Mskoti wa karne ya 18. Nyumba ina fundi, tunajua, kwa kuwa mafundi tumewaona wakijenga. Dunia hatujaona ikijengwa hata moja.

Na kipimo chako si hubaki chanya wiki kadhaa baada ya mgonjwa kumaliza dawa na wadudu kufa?

Hadubini aliandika:

Hubaki. Umenipiga palepale ninapopatia ugali.

Karanga Mbichi aliandika:

Karanga zimeisha, naagiza korosho.

Nyundo ya Moto aliandika:

Watu walikunywa dawa ya magome ya mkwinini wakapona zaidi ya miaka 200 kabla ya huyo Laveran wenu. Mdudu hawakumwona.

Mkagua Hesabu aliandika:

Na walikunywa vingine vingi wakafa. Cha mkwinini walikishika kwa kuwa waliona watu wanapona. Kupona ndiko kulikuwa ushahidi.

Nyundo ya Moto aliandika:

Basi na mimi nilipona. Miaka kumi na moja nililala mitaroni kwa gongo. Siku niliyookoka mke wangu anaijua, majirani wanaijua. Sikusomewa hoja hata moja.

Mkagua Hesabu aliandika:

Hongera, na nasema kwa moyo. Tatizo langu ni kwamba yuko jirani yangu aliyeacha gongo baada ya kusilimu, na mwingine aliacha baada ya daktari kumwonyesha picha ya ini lake.

Ustadh wa Pangani aliandika:

Assalaam aleikum jamaa. Nimesoma tangu juu. Uzi ni wa Wakristo, ila swali ni la kila nyumba, na madrasa yangu nimeshaulizwa.

Watoto wakiniuliza huwa siwafukuzi, nawasomea Suratul An'am aya ya 76 mpaka 79. Nabii Ibrahim anaiona nyota, anasema huyu ndiye Mola wangu. Inatua. Anasema siwapendi wanaotua. Mwezi vilevile, jua vilevile, mpaka anaelekea kwa aliyeziumba mbingu na ardhi. Wafasiri wengine wanasema alikuwa akihojiana tu na watu wake. Sawa, lakini bado ni hoja, na iko ndani ya ufunuo wenyewe. Kisha nawapeleka Al-Baqara 260, ambako Ibrahim huyohuyo anaomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyohuishwa. Anaulizwa: kwani huamini? Anajibu: naamini, lakini moyo wangu upate kutulia. Hakukaripiwa. Akaambiwa achukue ndege wanne. Huyo ni Mtume, na aliomba kuona. Mtoto wa kidato cha tatu afanyeje?

Wanazuoni wetu wenyewe hawakuwa kauli moja. Mtu wa kisiwani asiyefikiwa na Mtume yeyote, je, ana wajibu wa kumjua Mungu? Maashari, moja ya shule za akida za Kisunni, wakasema hana hatia, wakashika aya ya 15 ya Suratul Israa, kwamba hapana adhabu mpaka apelekwe Mtume. Wengi katika Mamaturidi, shule nyingine ya akida, wakasema akili aliyopewa inatosha kumdai. Ibn Tufayl wa Andalusia, karne ya 12, akatunga kisa kizima cha mtoto Hayy, aliyelelewa na swala wa kike kisiwani pasipo watu. Swala anapokufa, Hayy anampasua kifua kutafuta kilichoondoka. Kuanzia hapo anapanda kwa akili yake mpaka kwa Muumba. Mwanao wa maabara kisa hiki kitamfaa, maana kinaanza na upasuaji.

Ila nisimdanganye mtu. Imam Ghazali, mwanazuoni wetu mkubwa, alifika mahali akatilia shaka hata macho yake, karibu miezi miwili. Alipotoka hakusema ametolewa na hoja. Alisema ni nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Na huyo ndiye aliyezijua hoja kuliko sisi sote humu.

Bibi Kisamvu aliandika:

Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, macho hayaoni vizuri, nasomewa na mjukuu. Marehemu Profesa Mbiti wa Kenya alikusanya habari za Mungu kutoka makabila mengi ya Afrika, na humo kuna methali ya Waashanti wa Ghana isemayo hakuna anayemwonyesha mtoto Mungu. Maana yake mtoto anamjua tu. Sisi Wachaga tulikuwa na Ruwa, ndilo jina letu la Mungu, kabla mmisionari hajapanda mlima. Baba Hadubini, mnamtafutia ushahidi kitu ambacho huyo binti alizaliwa nacho.

Hadubini aliandika:

Shikamoo mwalimu. Sasa mbona wangu ndiye anayeomba kuonyeshwa?

Kijana wa Gulu aliandika:

Bibi, shikamoo. Naomba nipinge kwa heshima, Kiswahili changu ni cha Uganda mtanivumilia. Kwetu Acholi mshairi na msomi Okot p'Bitek alimpinga Mbiti wazi, alisema miungu ya Waafrika imevishwa kanzu za Wagiriki, yaani imeelezwa kwa fikra za kigeni. Alisimulia hivi: mwaka 1911 mapadre Waitalia waliwauliza wazee wetu, nani aliwaumba? Neno la kuumba kwa maana yao halikuwepo, wakauliza nani aliwafinyanga, kama chungu. Wazee wakashangaa, maana watu huzaliwa na mama zao. Wakabanwa wajibu. Mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akipata kifua kikuu cha uti wa mgongo hupinda, ni kama amefinyangwa, na anayefanya hivyo ni roho mbaya aitwaye Rubanga. Akajibu: Rubanga ndiye hufinyanga watu. Basi mapadre wakaandika Rubanga, na mpaka leo kanisani kwetu tunamwomba kwa jina hilo.

Kwa hiyo mimi, kabla ya ushahidi, ningemuuliza huyo dada: ukisema Mungu, unamtafuta nani?

Bibi Kisamvu aliandika:

Mjukuu amenisomea mara mbili. Nitafikiri.

Hadubini aliandika (siku tisa baadaye):

Mrejesho, wakuu, maana wengi mmenifuata faragha.

Jumamosi nilimchukua binti mpaka maabara, nikamwekea slaidi ya kufundishia. Nikamwambia ahesabu sehemu 100 chini ya lenzi, kwa sababu huo ndio utaratibu kabla hujasema hakuna kitu. Alikaa karibu saa nzima, shingo ikamuuma. Hakuona mdudu. Nikampa fomu aandike. Akaandika "hana malaria". Nikafuta, nikaandika "hakuna wadudu walioonekana". Akaiangalia muda mrefu. Akasema, "Lakini baba, hiyo inafaa pande zote mbili. Hata mwenye hana malaria hutamwona mdudu."

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia na mimi sehemu 100 za Mungu sijawahi kuzihesabu, nilirithi majibu yaliyoandikwa na baba yangu. Ila nikamweleza pia usiku aliozaliwa yeye, mama yake alipotokwa damu nyingi, na mimi nikiwa kwenye korido, kilichonijia pale. Sikumwambia ni ushahidi. Sijawahi kumsimulia mtu.

Swali la kijana wa Gulu nilimpa pia. Alisema atanijibu, bado hajanijibu.

Kwa paroko tulikwenda wote watatu. Paroko hakugomba. Alimuuliza kama yuko tayari kurudia ahadi, akasema bado, akaambiwa basi asubiri mwaka kesho na aendelee kuja na maswali, ila aje kwake moja kwa moja, si kwa katekista. Mama yake hasemi nami tangu Jumapili. Mialiko kuifuta ni kazi yangu. Ifakara wamenielewa, Mahenge bado.

Gauni fundi alikuwa ameshalimaliza. Nimemwambia aache upindo mrefu.