Bloku za IPv4 za Afrika: tuziuze nje au zibaki?

Fundi_Mnara: Wakuu, habari za jioni. Nauza huduma ya intaneti, na nina bloku ya /22, yaani fungu la anwani 1,024 za IPv4, zile namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni. Nilipewa na AFRINIC, shirika la Mauritius linalogawa anwani hizo Afrika. Mwaka 2011 Microsoft walinunua anwani 666,624 kutoka Nortel, kampuni iliyofilisika, kwa dola milioni 7.5. Piga hesabu, kila moja dola 11 na ushee, na tangu hapo bei imepanda. Lakini sera ya AFRINIC inaniruhusu kuhamishia Waafrika wenzangu tu. Wa Ulaya wanauziana na Wamarekani, sisi tumefungwa mikono. Ni haki hii?

Binti_Kisauni: Hukuzinunua hizo. Ulijaza fomu ukasema una wateja, ukapewa. Ukiuza kiwanja cha kijiji, wajukuu wataenda kupanga kwa nani?

MzeeWaSwichi: Hapohapo kwenye fomu! Kuna kampuni ilichukua anwani zaidi ya milioni sita za Afrika kati ya 2013 na 2016. AFRINIC walipotaka kuzirudisha, wakidai hazitumiki kama fomu ilivyosema, kesi zikaanza Mauritius, na Julai 2021 akaunti za benki za AFRINIC zikazuiwa.

Chuma_cha_Pua: Hawa watoa huduma ya intaneti wa mtaani wote madalali. Bloku wamekalia, wateja wanabananishwa nyumba kibao kwenye anwani moja.

Fundi_Mnara: Dalali ni nani? Mimi nimepanda mnara Kahama usiku, mvua inanyesha, betri imekufa, ili watu wapate mtandao. Usinivunjie heshima.

Chuma_cha_Pua: Sijakutaja, kaka. Nasema nililoliona. Mama yangu kafunga kamera dukani, akisafiri haifunguki kwenye simu kwa sababu hana anwani yake mwenyewe. Akitafuta kitu Google anaambiwa achague picha za taa za barabarani, athibitishe yeye si roboti. Aliowalipa wakamwambia anwani ya peke yake ni shilingi elfu thelathini kwa mwezi!

Binti_Kisauni: Elfu thelathini?? Pole sana kwa mama.

MzeeWaSwichi: Amazon wenyewe tangu Februari 2024 wanatoza wateja wa seva zao nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani. Haifiki dola nne kwa mwezi.

Fundi_Mnara: Amazon hawanunui dizeli ya jenereta. Na mada yangu ilikuwa kuuza nje, si kamera.

Nyuzi_za_Bahari: Si mhamie IPv6 tu, aina mpya yenye anwani tele, yaishe?

Fundi_Mnara: Rauta za wateja wangu nusu hazijui hata IPv6 ni nini. Utawanunulia wewe?

Chuma_cha_Pua: Usikwepe. Kwako anwani moja wanakaa wateja wangapi?

Fundi_Mnara: Thelathini na wawili. Hiyo ni kawaida.

Chuma_cha_Pua: Na anwani ngapi zimelala?

Fundi_Mnara: Nusu ya bloku, 512. Nimezitunza kwa siku ya shida.

Binti_Kisauni: Shida ya nani, Fundi? Wape kwanza wenye kamera, ndipo tuongee bei ya Ulaya.