Tupeane uzoefu: kupanga soketi na swichi bega kwa bega ukutani bila kupinda

Ndugu wanajamvi, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu kazi ambayo hudharauliwa mpaka taa iwashwe na ukuta uanze kusema: kufunga soketi na swichi kadhaa katika mstari mmoja, vifuniko vikakaa sawa na nafasi kati yake ikalingana.

Nianze mimi. Nilitaka swichi ya taa, swichi ya feni na soketi vikae pamoja kando ya mlango, upande wa kitasa. Kabla ya kushika tindo, fundi alivishikilia vifuniko vyenyewe ukutani, akavizungushia penseli, kisha akatafuta kitovu cha kila kimoja. Alinieleza kwamba kifuniko cha mraba cha aina ya Kiingereza kina upana wa takriban milimita 86, ilhali boksi linalofukiwa ukutani ni dogo kuliko hapo, hivyo anayeyabananisha maboksi yakagusana atakuta vifuniko vinagombea nafasi na kimoja kinakosa pa kukaa. Alipima milimita 90 kutoka kitovu hadi kitovu, na vifuniko vikaachana kwa milimita 4, upenyo ambao macho huupokea kama uliokusudiwa.

Mchangiaji wa pili: Asante, mkuu, kwa kuanzisha mada. Kwangu yalitumika maboksi ya duara, ambayo ni ya kawaida katika nchi nyingi za Ulaya. Hayo hushikana yenyewe ubavuni, vitovu vikaachana kwa milimita 71, na fremu moja ndefu hufunika safu nzima. Kubahatisha nafasi hakupo tena, lakini hata mwinamo mdogo huonekana kwa sababu fremu ndefu haiwezi kuuficha. Kwa hiyo tuliyaunganisha maboksi yote kwanza, tukaweka pima maji juu ya safu nzima badala ya boksi mojamoja, ndipo tukayashikiza kwa jasi, na hatukuyagusa mpaka jasi ilipokauka.

Mchangiaji wa tatu: Mimi ni fundi umeme, na kwa maoni yangu mengi yanayolaumiwa kwenye vifuniko huwa yameharibika siku nyingi kabla, wakati wa kufukia maboksi. Sipimi kimo kutoka sakafu mbichi, kwa sababu sakafu hiyo ina mabonde yake na bado inasubiri zege jembamba na vigae. Huzungusha kwanza mstari mmoja katika kuta zote, mita 1 juu ya mahali sakafu iliyokamilika itakapofika, kwa leza au kwa mpira mwangavu wenye maji, kisha kila soketi na kila swichi hupimwa kutoka kwenye mstari huo, kwenda chini au juu.

Jambo la pili ni kina. Uso wa boksi unapaswa kulingana na uso wa plasta au kuzama kidogo tu. Ukitokeza, kifuniko hakitalala ukutani hata ukikaza vipi. Likizama mno, nunua skrubu ndefu zaidi, wala usilazimishe zile fupi, maana plastiki hupasuka pembeni. Maboksi mengi ya chuma yana sikio moja la skrubu linaloteleza juu na chini, nalo limewekwa makusudi ili kifuniko kinyooshwe baada ya plasta kukauka. Nashangaa jinsi linavyosahauliwa. Kabla ya plasta, jaza boksi karatasi ili tope lisiingie, na kabla ya kufungua kifuniko chochote baadaye, zima swichi kuu kisha hakikisha kwa testa kwamba waya hauna umeme.

Mchangiaji wa nne: Niongeze la jikoni, ambako vigae huleta mtihani wa peke yake. Tulisubiri mpangilio wa vigae uchorwe kwanza, kisha safu ya soketi ikawekwa ili katikati yake iangukie kwenye kiungo cha vigae viwili. Mikato ya kushoto na kulia ikalingana. Waya wa antena na wa intaneti tuliupa boksi lake mwishoni mwa safu, mbali na nyaya za umeme, ingawa kifuniko chake kinafanana na vingine.

Mwanzisha mada: Nashukuru, fundi, hasa kwa hilo la sikio linaloteleza. Je, yupo aliyefunga safu kama hii kwenye ukuta wa mbao au wa bodi za jasi, ambako boksi halina tofali la kushikia? Atueleze alilishikiza kwa kitu gani, na kama bado halichezi mtu anapochomoa plagi.