Mandharinyuma ya rangi zinazotembea: kukokotoa rangi upya au kufifisha matabaka?

Muulizaji:
Ndugu zangu, ninatengeneza skrini ya kuingilia ya programu ya simu kwa Flutter (zana ya kuundia programu za simu), na ningependa mandharinyuma yake ihame polepole kutoka zambarau iliyokoza hadi buluu na kurudi, bila kukoma. Nimejaribu kukokotoa rangi za mpito (zinazobadilika hatua kwa hatua kutoka moja hadi nyingine) upya katika kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo huo, kisha nikajaribu kupanga matabaka mawili na kufifisha lile la juu. Njia ya kwanza hukwama katika simu yangu ya zamani kila kibodi inapofunguka. Ninyi mngechagua ipi?

Mchangiaji wa kwanza:
Ningechagua matabaka. Skrini ya hezi 60, yaani inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde, hutoa takriban milisekunde 16.7 kwa kila fremu, na ya hezi 120 hutoa nusu yake, kwa hiyo hesabu yoyote inayoweza kuepukwa ni vyema iepukwe.

Mchangiaji wa pili:
Kwa heshima, sikubaliani na mwenzangu. Kuchora mpito wa rangi mbili ni kazi nyepesi kwa prosesa ya michoro, ilhali matabaka mawili yanayojaza skrini nzima huilazimu ipake kila pikseli mara mbili, na kufifisha kunaweza kuhitaji hifadhi ya ziada ya kuchorea pembeni. Ninashuku kwamba unaita setState (amri ya Flutter ya kujenga upya sehemu ya skrini) juu kabisa ya skrini, hivyo fomu na vitufe vyote hujengwa upya katika kila fremu pamoja na mandharinyuma. Tumia AnimatedBuilder (kijenzi cha Flutter kinachojenga upya sehemu inayohuishwa tu) kwa mandharinyuma peke yake, fomu uipitishe kama child, yaani sehemu ya ndani, ili isijengwe upya, kisha utenganishe uchoraji wake kwa RepaintBoundary, kijenzi kinachochora sehemu yake peke yake. Baada ya hapo pima katika simu hiyohiyo ya zamani kwa hali ya profile (ya kupimia kasi), kwa kuwa hali ya debug (ya kutafutia makosa) hupotosha vipimo vya kasi.

Kwa wanaoandikia iOS moja kwa moja, suala hili ni jepesi zaidi: rangi za CAGradientLayer (tabaka la mpito wa rangi la iOS) zikihuishwa kwa Core Animation, mfumo wa uhuishaji wa Apple, kazi hufanywa nje ya mchakato wa programu yenyewe, na uzi mkuu, unaoshughulikia miguso ya mtumiaji, hubaki huru.

Mchangiaji wa tatu:
Kasi mmeijadili vya kutosha, lakini mtu atakayeisoma skrini hiyo hajatajwa. Maandishi meupe yanayosomeka vizuri juu ya zambarau iliyokoza yanaweza kufifia buluu inapofikia ung'avu wake wa juu, kwa hiyo pima utofautishaji wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma katika fremu mbaya kuliko zote. Mwongozo wa WCAG (wa kurahisishia watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, matumizi ya maudhui ya wavuti) unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Mwongozo huohuo unataka pia mwendo unaoanza wenyewe na kuzidi sekunde 5 kando ya maudhui mengine uweze kusimamishwa. Tafadhali heshimu mpangilio wa simu wa kupunguza miondoko, kwani wapo watu ambao mwendo wa skrini huwaletea kizunguzungu.

Vilevile, rangi mbili zilizokoza zinazokaribiana huacha mistari kwenye skrini pana, kwa sababu viwango vya kati ni vichache. Chembe hafifu za kelele, yaani vidoti vya nasibu, juu yake huificha.

Muulizaji:
Nashukuruni sana. Nimehamisha uhuishaji ndani ya AnimatedBuilder, na kibodi sasa inafunguka bila kukwama, kwa hiyo matabaka nimeyaacha. Buluu nimeikoza zaidi, na mwendo unasimama mtumiaji anapogusa kisanduku cha kwanza cha fomu.