Nati mpya haiingii bolti ya nusu inchi

Fundi_Lindi: Wakuu, pampu ya zamani ya Mwingereza, bolti nusu inchi. Nati mpya inazunguka mara mbili inakaba. Shida nini?

Tona_Mikindani: Hesabu meno ndani ya inchi moja. 12 ni Whitworth, kipimo cha Kiingereza, 13 ni ya Kimarekani. Usilazimishe na spana, utanyoa meno. Nati ya M12, yaani ya milimita 12, ndiyo usijaribu kabisa, bolti yako ni milimita 12.7.

Geji: Joseph Whitworth alipendekeza vipimo hivyo 1841: pembe ya meno digrii 55, vilele vya mviringo. Mwaka 1864 William Sellers wa Marekani akaleta digrii 60, vilele bapa. Vurugu ikaanzia hapo.

Fundi_Lindi: Ni 12.

Tona_Mikindani: Basi ni Whitworth, tengeneza nati mwenyewe. Toboa chuma kwa biti ya milimita 10.5, pitisha tapu (kifaa cha kukata meno ya ndani) ya BSW, yaani Whitworth, nusu inchi. Oili nyingi, rudisha nusu mzunguko kila mara, chenga zitoke.