Masaki na Oysterbay: tumechanganyika kweli au Uzunguni ni ile ile?

Mjukuu wa Mpishi: Wakuu naomba tulijadili hili bila matusi. Babu yangu alipika kwa Mzungu Oysterbay kabla ya uhuru, analala kibanda cha uani, mlango umeelekezwa ukuta wa nyuma ili wageni wasimwone akitoka kuoga. Enzi hizo Dar imekatwa vipande, Uzunguni kule, Uhindini mjini na baadaye Upanga, sisi Kariakoo na Ilala. Juzi nimepita, kibanda bado kipo! Kimepigwa tailizi, kina eisii, dalali ananitajia dola. Majirani sasa ni Waafrika, Wachina, Wazungu, hata Wahindi wamo. Ndio kuchanganyika huku, au rangi imehama ikabaki pesa? Maana wakubwa waliouziwa nyumba za serikali waliingia wakafunga geti.

Binti Haile Selassie Road: Wakubwa gani? Baba yangu alikuwa mtumishi wa kawaida, nyumba alikatwa mshahara kila mwezi mpaka akaimaliza, mama anauza maandazi ofisini kwao. Usitutie wote kapu moja.

Dogo Namanga: Dada usiwake. Ile ilikuwa 2002 au 2003 hivi, serikali ya Mkapa, Magufuli akiwa waziri wa ujenzi. Baba yako alilipa, sawa, ila alilipia nyumba au alilipia kiwanja? Kile kiwanja cha miembe mitano peke yake leo ni ghorofa kumi. Mimi nimezaliwa Namanga hapo hapo, barabara moja tu katikati, sikusikia mtu akimuuliza mzee wangu kama anataka kununua.

Binti Haile Selassie Road: Mzee wako alikuwa mtumishi wa serikali? Basi angeulizwaje.

Mtoto wa Upanga: Nimekwama kwenye neno moja la mleta mada, "hata Wahindi wamo". Hata? Tumeshuka melini jana? Babu yangu kazaliwa Dar. Nyie mnagombania nyumba iliyouzwa, ya kwetu ilichukuliwa na serikali 1971, ile sheria ya majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, na kama jengo lina zaidi ya miaka kumi hulipwi hata senti. Babu akawa mpangaji kwenye ghorofa alilojenga mwenyewe, mpaka anakufa anapanda ngazi zake kwa kodi.

Dogo Namanga: Pole mkuu. Ila na mimi niseme langu. Mwaka juzi nimepiga simu kuulizia fleti huko kwenu Upanga, nimeambiwa ipo, njoo. Nimefika na hela mfukoni, mama kafungua mlango nusu, kaniangalia, kasema imeshapata mtu. Wiki mbili baadaye tangazo bado lipo. Babu yako alinyang'anywa, kweli, mimi nilimnyang'anya nini yule mama?

Mtoto wa Upanga: Hukumnyang'anya kitu. Hilo lipo na ni aibu, nimegombana na shangazi yangu mwenyewe kwa jambo hilo hilo. Sitalitetea.

Mvuvi wa Msasani: Mnaongea kama rasi yote hii ya Msasani, na Masaki na Oysterbay yake, ilikuwa pori akaja Mzungu. Msasani ni kijiji cha wavuvi, makaburi ya wazee ni ya zamani kuliko hizo bangaloo. Leo njia ya kwenda pwani inazidi kubanwa na kuta, mtu kabeba tenga la samaki anazunguka mitaa mitatu.

Msomaji Tu: Halafu hiyo dola si ilipigwa marufuku 2025? Kutangaza bei kwa fedha za kigeni ni kosa.

Mjukuu wa Mpishi: Dalali anaandika shilingi, mdomoni anasema dola. Swali langu limepotea lakini. Dada wa Haile Selassie, nakuuliza kwa heshima kabisa, kwenu kile kibanda cha uani bado kipo?

Binti Haile Selassie Road: Kipo. Tumekipangisha kwa Mfaransa mmoja.

Mjukuu wa Mpishi: Na mlinzi analala wapi?

Binti Haile Selassie Road: Halali. Anakaa getini kwenye kiti cha plastiki, asubuhi anapanda daladala anarudi kwake Tandale. Mvua ikinyesha anaingia gereji. Nimemuuliza sasa hivi, ana miaka sita hapa, sikuwahi kumuuliza.