Toleo la programu: mashine ifunge mzigo, lakini nani auruhusu uondoke?

Wakuu, habari za leo.

Naleta hoja iliyotugawa ofisini kwetu mwezi mzima, na sidhani kama tuko peke yetu. Msimbo wa programu ukishakamilika, nani atoe toleo? Mtu aketi afunge kifurushi, akokotoe cheksamu na apandishe mafaili? Au hayo yote tuiachie mashine, mtu aweke tagi tu, yaani alama ya kutaja toleo, kwenye hazina ya msimbo (mahali msimbo wote unapohifadhiwa) kisha akalale?

Kwa asiyeijua cheksamu: ni namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima. Kwa njia ya ukokotoaji iitwayo SHA-256 unapata herufi na tarakimu 64. Ukigusa hata biti moja ya faili, namba inageuka kabisa. Anayepakua anaikokotoa upya kwenye kompyuta yake, analinganisha na iliyotangazwa, na zikikataa kulingana anajua faili limeharibika njiani au limechezewa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kufunga, kukokotoa na kupandisha ni kazi ya mashine, mkono wa mtu usiguse. Lakini ruhusa ya kulifikisha toleo kwa wananchi ibaki kwa mtu, tena asiwe yule aliyeandika mabadiliko yenyewe.

Sisi tunatengeneza programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya vipuri na vifaa vya ujenzi. Kwa miaka miwili mtoa matoleo nilikuwa mimi. Utaratibu niliuandika kwenye daftari: badilisha namba ya toleo, jenga, finya, endesha sha256sum (amri ya kukokotoa cheksamu), nakili namba, ibandike kwenye ukurasa wa kupakulia, pandisha faili. Ijumaa moja saa nne usiku nilijenga kifurushi, nikakokotoa namba, nikaibandika. Ndipo nikakumbuka kwamba ndani yake nimeacha anwani ya seva ya majaribio. Nikarekebisha, nikajenga upya, nikapandisha. Namba sikuikokotoa tena.

Jumatatu asubuhi akanipigia kijana anayehudumia kompyuta za mteja wetu wa Tanga. "Kaka, namba hazilingani. Ya kwenu inaanza na 9f, mimi napata c4." Nikafungua ukurasa, nikaona nilipokosea, nikamjibu: "Hiyo puuza tu, faili ni zima. Sakinisha."

Kauli hiyo imenikaa rohoni hadi leo. Katika wateja wetu wote, ninayemjua kuwa alilinganisha namba ni yeye peke yake, na mimi niliyeiweka hiyo namba ndiye niliyemfundisha kuipuuza. Siku faili letu likibadilishwa na mwizi kweli, atanipigia tena? Wanaotetea kazi ya mkono husema makosa ya mkono ni madogo na hurekebishika. Ukurasa niliurekebisha kwa dakika mbili. Alichojifunza yule kijana sijui kama nimekirekebisha.

Na si kila kosa la mkono ni dogo. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilifungua siku ikiwa na msimbo mpya kwenye seva saba. Ya nane fundi hakuinakilia. Seva hiyo ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umeachwa humo, ikaanza kumwaga oda sokoni, na kwa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440.

Ila kilichonimaliza ubishi ni XZ. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Akafuatilia, akakuta matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ Utils, programu huria ya kufinya mafaili inayotumika karibu kwenye kila mfumo wa Linux, yana mlango wa siri. Tarehe 29 akautangazia umma. Sasa tazameni ulikopenyezwa. Kipande cha kuuamsha, faili la build-to-host.m4 lililochezewa, hakikuwemo kwenye hazina ya msimbo ambayo yeyote angeweza kuisoma. Kilikuwemo kwenye kifurushi cha toleo tu. Kifurushi hicho kilifungwa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa amejenga imani kwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Ukikokotoa cheksamu, inalingana. Ukikagua sahihi ya kidijitali, ile alama inayotiwa kwa ufunguo wa siri wa mtoaji, ni halali, kwa sababu aliyeitia ndiye aliyekuwa na haki ya kuitia. Kama kifurushi kingefungwa na mashine moja kwa moja kutoka kwenye hazina, kipande kile kingelazimika kupita hadharani kwanza.

Mwenzangu mmoja ofisini anasema basi hoja imekwisha, mashine ifanye yote. Hapo ndipo tunapoachana. Desemba 2024 mradi wa Ultralytics, wa programu za kompyuta kutambua vitu kwenye picha, ulikuwa na mtambo wa kujiendesha wa kutoa matoleo. Wavamizi walipeleka pendekezo la mabadiliko ambalo jina la tawi lake (nakala ya msimbo yenye mabadiliko hayo) liliandikwa kwa ujanja kiasi kwamba mtambo ulilisoma kama amri. Matoleo 8.3.41 na 8.3.42 yakatoka yakiwa na programu ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa watu. Mtambo ulifunga vizuri, ulikokotoa vizuri, ulipandisha vizuri. Hakukuwa na mtu wa kuuliza hili toleo nani kaliagiza.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti aniambie ninapokosea.

Mchangiaji wa Kisumu

Mleta mada, umeandika kama mtu mwenye ofisi yenye watu. Mimi niko peke yangu na laptop yangu. Huyo mtu wa pili wa kuruhusu nimtoe wapi? Nimwite jirani anayeuza samaki abonyeze?

Halafu tusidanganyane kuhusu hiyo ruhusa. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo kila toleo lilihitaji kibali cha mkubwa. Mkubwa alikuwa anakitoa kwenye simu akiwa ndani ya matatu, bila kufungua hata mstari mmoja. Vibali vyote nilivyoomba mwaka ule vilipita. Mtu anayekubali kila kitu hana tofauti na mashine, isipokuwa anachelewesha. Afadhali muda huo niutumie kuandika majaribio yatakayokataa toleo bovu yenyewe, kila mara, hata saa nane za usiku.

Mchangiaji wa Mwanza

Mnajadili upande wa mtoaji tu, na mimi niko upande wa wapokeaji. Kazi yangu ni kusakinisha programu za kukusanya takwimu kwenye simu za wahudumu wa afya vijijini. Faili la megabaiti 60 kwa bando la mtu mwenyewe, mtandao unakatika mara tatu. Wengi hawapakui kabisa, wanarushiana kwa WhatsApp au Bluetooth. Ukurasa wenu wenye namba ya herufi 64 hawajawahi kuuona na hawatauona. Hata mimi, kusema kweli, nikiwa na simu 40 za kukamilisha kabla ya jua kuzama, sikai kulinganisha herufi moja moja.

Kinachotuokoa ni kwamba simu ya Android inakagua yenyewe. Ukiwa na programu iliyotiwa sahihi kwa ufunguo fulani, sasisho lililotiwa sahihi kwa ufunguo mwingine linakataliwa hapo hapo. Hakuna mhudumu anayeombwa kulinganisha chochote. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni mifumo ya Linux, programu ya kusakinishia iitwayo apt nayo inakagua sahihi na namba za vifurushi kabla ya kusakinisha. Kaka wa maduka, yule kijana wa Tanga asingepaswa kufanya kazi ile kwa macho yake. Mmeng'ang'ania kumpa mashine mtoaji, na mpokeaji mmemwachia karatasi na kalamu.

Sahihi nayo ina mpaka wake: yule anayesakinisha kwa mara ya kwanza, hana toleo la zamani la kulinganishia. Huyo simu haiwezi kumkinga, na ndiye anayeletewa faili na mtu asiyemjua.

Mchangiaji wa Zanzibar

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, mimi natetea mkono, na sababu yangu ni ufunguo. Mtambo wa kutoa matoleo lazima uwe na funguo za kupandishia, na mtambo wenyewe kwa kawaida ni kompyuta ya kukodi iliyoko kwa mtu mwingine, inayoendesha skripti, yaani programu fupi za amri, zilizoandikwa na watu wengine. Machi 2025 skripti moja ya aina hiyo, tj-actions/changed-files, iliyokuwa ikitumika kwenye hazina zaidi ya 23,000, ilichezewa ikawa inamwaga siri za mtambo kwenye logi, yaani kumbukumbu za kazi zake. Tagi za matoleo ya zamani nazo zilihamishwa zielekee kwenye msimbo mbaya, kwa hiyo hata aliyedhani amebaki na toleo la zamani alipigwa. Ufunguo wangu mimi uko kwenye kifaa kidogo ninachokichomeka siku ya toleo na kukichomoa. Anayeutaka aje Unguja.

Na hiyo namba mnayoisifu, inakaa wapi? Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, moja ya mifumo ya Linux, iliingiliwa, kiungo cha toleo 17.3 (aina ya Cinnamon) kikaelekezwa kwenye nakala yenye mlango wa siri. Mtu akishaingia kwenye tovuti yako, faili analibadilisha, na namba iliyo chini yake anaibadilisha pia. Kufuli na ufunguo umevitundika msumari mmoja.

Mleta mada anarudi

Nashukuru wote. Nianze na ndugu wa Zanzibar, maana amenigusa pabaya: namba yetu iko ukurasa mmoja na faili. Codecov, kampuni yenye zana ya kupima msimbo, iliponea kwa kutofanya hivyo. Skripti yao ilikuwa ikichezewa tangu 31 Januari 2021, na aliyeligundua jambo hilo tarehe 1 Aprili ni mteja aliyelinganisha namba ya skripti aliyoipakua na ile iliyowekwa GitHub, tovuti nyingine ya kuhifadhi msimbo. Mwizi alifika penye faili, penye namba hakufika. Kwa hiyo yetu tunaihamisha wiki hii.

Kuhusu ufunguo, hazina ya PyPI, ya vifurushi vya lugha ya programu ya Python, tangu Aprili 2023 inaruhusu mtambo upandishe kifurushi bila ufunguo wa kudumu. Unapewa kibali cha muda kinachokufa baada ya dakika 15. Hicho hakiibiki kikafaa kesho. Ila kinaibika leo, nakubali. Na mkono wako, hata ukiwa na kifaa cha kuchomeka, bado unatia sahihi kitu kilichojengwa kwenye laptop yako, na sisi wengine hatuna njia ya kujua laptop hiyo ilikuwa na nini siku ile. Hapa wenzetu wa Debian wametangulia mbali: kwa zaidi ya miaka kumi wamekuwa wakirekebisha vifurushi ili kompyuta mbili tofauti zikijenga msimbo ule ule zipate namba ile ile hadi biti ya mwisho. Tukifika huko, wewe unajenga Unguja, mtambo unajenga kwake, namba zisipolingana toleo halitoki. Hapo mwizi anahitaji kuingia kwenu wote wawili. Tumejaribu mwezi huu na tumekwama kwenye jambo dogo la kukera: tarehe na saa ya kujenga inaandikwa ndani ya faili, kwa hiyo kila ukijenga namba inageuka. Tunaing'oa.

Dada wa Mwanza, sina la kukupinga. Kazi ya ukaguzi inaingizwa kwenye programu yenyewe ya kusasisha, mtu asiulizwe. Kwa anayesakinisha mara ya kwanza bado sina jibu linalonitosheleza, na mwenye nalo alilete.

Ndugu wa Kisumu, kibali cha kwenye matatu nakijua. Lakini ulichokishuhudia ni mtu asiyepewa chochote cha kuangalia. Ukimpa mabadiliko ya mistari elfu nne na kitufe, atabonyeza. Mpe orodha ya mafaili yaliyomo kwenye kifurushi kipya ambayo hayakuwemo kwenye kilichopita. Kwetu mara nyingi ni mafaili matatu au manne, na siku yakiwa kumi na moja mtu anauliza. Majaribio yako yanajibu kama programu inafanya kazi. Toleo la Ultralytics lililokuwa na mchimbaji ndani lingeweza kuyafaulu majaribio yote.

Wewe uliye peke yako, badala ya mtu wa pili tumia muda. Mtambo ulishikilie toleo hadi kesho yake, ukutumie ujumbe, kisha ulipeleke kwa wateja wachache kabla ya wote. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walisukuma faili moja bovu kwa wateja wao kwa mpigo, kikaguzi chao cha kujiendesha kikiwa kimelipitisha, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka. Baadaye walitangaza kwamba mafaili ya aina hiyo yatapelekwa kwa awamu.

Jana nimempigia yule kijana wa Tanga. Nimemweleza kilichotokea siku ile, nikamwomba kwamba namba ikikataa asisakinishe, hata nikimwambia mimi mwenyewe asakinishe. Akanyamaza kidogo, akasema: "Sawa kaka. Lakini niandikie barua, duka likichelewa kufunguliwa bosi asije akanilaumu mimi."

Barua nimeituma asubuhi hii.