Msaada: iPod isikike kwenye redio ya gari kabla ya Ijumaa

Kijana wa Wete
Asalamu alaykum. Nina iPod Classic, kile kichezeo cha muziki cha mkononi, nataka isikike kwenye spika za gari. Gari ni Toyota Raum, redio haina bluetooth, haina pa kutia kaseti, wala tundu la AUX la kuchomekea waya wa sauti usoni. Nimenunua kitransmita cha FM, kinachorusha sauti ya iPod mpaka redioni, cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, nikakiweka 101, redio haifiki huko. Nifanyeje? Nina haraka.

Mtu wa Mtambwe
Waalaykum salaam. Hiyo redio ya Kijapani. FM ya redio zao za zamani inaanzia 76 na kuishia 90, transmita zinazouzwa kwetu ni 87.5 hadi 108. Vinakutana baina ya 87.5 na 90 tu. Tafuta hapo pasipo na kituo, vyote viwili uviweke namba moja.

Bi Karafuu
Mwanangu, njia ya Chake ina kona nyingi na watoto wa skuli. Huko kubonyeza vitu garini kunaua watu. Soma dua ya safari, endesha pole pole.

Mzee wa Mkoani
Mie nilikuwa na gari ya abiria, Mkoani mpaka Chake, ina deki. Kulikuwa na kaseti yenye waya, unaitia kwenye deki, ncha ya pili unachomeka kwenye kichezeo. Ikilia taarabu, abiria wakifika kwao wakikataa kushuka mpaka wimbo wishe!

Fundi Waya
Baadhi ya redio hizo zina tundu la VTR nyuma, la kuingizia sauti kutoka chombo chengine. Ukilipata, tumia waya wa pini 30 unaoingia chini ya iPod, sauti yake safi kuliko ya tundu la masikioni. Umetizama nyuma?

Kijana wa Wete
Redio ishatolewa. Iko kwa fundi.

Fundi Waya
Kwa nini?

Kijana wa Wete
Nishampa nusu ya pesa ya redio mpya ya skrini. Kasema atakata plagi ya zamani aunge waya mkono. Ni fundi mzuri, watu wengi wanampelekea.

Fundi Waya
Asikate! Kuna plagi ya kugeuzia, upande mmoja wa Toyota, mwengine wa redio mpya. Na ile redio ya zamani kama ni ya kuonesha ramani ya njia, ikishakatwa umeme huenda ikajifunga ikadai diski yake. Gari yako?

Kijana wa Wete
Petroli natia mie, sabisi nafanya mie.

Bi Karafuu
Hujajibu, mwanangu.

Kijana wa Wete
Ya ami yangu, yuko Maskati. Kaniachia niitunze. Anafika Ijumaa. Lakini redio yenyewe ilikuwa inasema Kijapani, hata yeye haifahamu, hii mpya itamfaa. Na ndani ya iPod mna sauti ya marehemu bibi, mama yake, anasoma kasida. Nataka tukitoka uwanja wa ndege aisikie.

Pweza wa Tumbe
Jamani, hamuoni? Mwanzo gari haina mwenyewe, sasa ya ami, sasa kuna marehemu. iPod Classic haina maikrofoni, bibi karekodiwaje humo? Hadithi ya kutunga hii.

Mzee wa Mkoani
Bibi wa wapi? Kasida gani hiyo?

Kijana wa Wete
Wallahi si uongo. Ilikuwa kaseti, ndugu yangu wa Unguja akaihamisha kwa kompyuta. Kaseti yenyewe ishakatika.

Bi Karafuu
Basi mpigie ami yako leo, umwambie habari ya redio. Mali ya mtu ni amana.

Fundi Waya
Na hiyo sauti ipo hapo tu? Inakili kwanza! Ndani ya iPod hiyo mna diski inayozunguka, ikianguka vibaya imekwenda.

Pweza wa Tumbe
Tuma picha ya hizo waya, nitakuamini.

Kijana wa Wete
Fundi hapokei simu. Nakwenda kwake sasa hivi, asikate.